Kontrakta Niliyemwonyesha Baba Mkwe Alikuwa Muuza Mitumba

Jina langu sitalitaja. Wanaonijua hapa Nunguni tayari wanajua, na wasionijua hawatapungukiwa na kitu. Ninachotaka ni kulisema hili mwenyewe, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakinisimulia vibaya, na kuchoka zaidi kusikia wengine wakinitetea.

Wanaonitetea husema ni mvua. Si mvua. Ni mimi.

Mimi ni dereva wa lori ya mchanga. Kwa miaka mingi nimepeleka mchanga, mawe na kokoto kwa mijengo ya watu, hapa kwetu milimani na hata kule Kikima. Ukizunguka sana kwa mijengo unaanza kujiona fundi. Unatazama msingi ukichimbwa, unatazama vyuma vikifungwa, unasikia watu wakibishana juu ya simiti, na polepole unaamini kwamba hakuna kitu hujui. Mwiko wa kujengea sikuwa nimewahi kuushika hata siku moja. Lakini kichwani mwangu nilikuwa nimeshajenga mpaka nimechoka.

Mke wangu nitamwita Syombua, ingawa si jina lake. Yeye ni wa Nuu, upande wa Mwingi, na ni fundi wa kushona. Sare za kwaya za makanisa mengi ya huku zimepita mikononi mwake. Tulikuwa tunaishi kwa nyumba ya kukodi pale sokoni, chumba kimoja cherehani, kimoja kitanda. Nilipopata ploti yangu kwenye mteremko chini ya barabara, baba yake aliuza mafahali wake ili atushike mkono.

Mzee huyo haongei sana. Siku aliponiita kunikabidhi hizo pesa, alisema hivi: "Sitakuuliza umenunua nini wala umenunua wapi. Nakuomba kitu kimoja. Hiyo nyumba isimamiwe na kontrakta anayejua kazi. Sisi huku Nuu tuna tambarare, hata mtu akikosea nyumba inakaa. Nyinyi kwenu ni mlima. Ikikosewa, inashuka."

Nikamwambia, "Baba, usiwe na wasiwasi. Nitatafuta kontrakta."

Na kweli nilimtafuta. Alikuja akatembea kwenye ploti, akapiga chini na fimbo, akaniambia udongo wa upande wa chini ni wa kumwagwa, watu waliutupa pale barabara ilipokuwa ikichongwa. Akasema tuuondoe wote tushuke mpaka chini kugumu, halafu tujenge ukuta wa kuuzuia mlima kabla hata ya kufikiria nyumba.

Nikamtazama nikasema moyoni, huyu ananitafutia kazi ili ale. Nikamshukuru, nikamwambia nitampigia. Sikumpigia.

Nilichukua vibarua, nikawasimamia mwenyewe. Jioni nikishapaki lori nilikuwa naangalia video za ujenzi kwa simu, asubuhi nawaambia vibarua wafanye vile nimeona. Mmoja wao aliniuliza kama kweli msingi utaishia pale. Nikamwambia hapo panatosha, ashike kazi. Pesa ambazo zingemlipa kontrakta nilizipeleka kwenye paa. Nilitaka mabati yale mekundu yaliyokolea, yale watu huita damu ya mzee, na nikainua kuta za pembeni ziende juu sana, za mawe, ili mtu akiwa barabarani aone paa langu limesimama kama la nyumba za Nairobi. Nilikuwa najenga kwa macho ya wapita njia.

Basi siku moja, kabla kuta hazijafika huko juu, Syombua akaniambia baba yake anakuja kuona mjengo.

Hapo ningeweza kusema ukweli. Mzee angekasirika, tungeitana, tungerekebisha. Kuta zilikuwa bado hazijafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Nilikuwa na nafasi hiyo, na nataka muelewe kwamba niliiona.

Badala yake nilimwendea rafiki yangu. Nitamwita Kioko. Kioko anauza mitumba sokoni, ni mtu wa tumbo, ana sauti nzito, na akivaa shati nzuri unaweza kumwinukia ukidhani ni mkubwa wa ofisi fulani. Nikamwambia, "Nisaidie saa moja tu. Wewe simama pale, uitikie kwa kichwa."

Akacheka. Akaniuliza, "Na akiniuliza kitu?"

"Mwambie nyumba iko sawa."

Nilimwazimia helmeti na ile jaketi ya kung'aa. Syombua alibaki nyumbani akipikia mgeni, kwa hivyo hakumwona. Mzee alipofika alimsalimia kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anasalimia daktari. Akamuuliza, "Chini huko mmeshuka vizuri?"

Kioko akasema, "Mzee, hii nyumba iko sawa. Hata wajukuu wako watazeekea hapa."

Nilimwona baba mkwe wangu akivuta pumzi, mabega yakalegea. Hakukubali hata kulala kwetu, kwa vile desturi yetu mzee halali kwa mkwe wake, akaenda kulala kwa mzee mmoja wa kanisa. Huko nikasikia alishukuru kwa maombi kwamba binti yake ameolewa na mtu anayesikia. Mimi na Kioko tulicheka sana siku hiyo.

Tulihamia baada ya mavuno. Watu wa kanisa walikuja wakaomba, wakaimba, wakala. Chumba cha upande wa chini kilikuwa na dirisha kubwa na mwanga mzuri, nikampa Syombua kiwe cha cherehani yake. Alilia kwa furaha. Alisema maishani mwake hajawahi kushona bila kuwasha taa mchana.

Mvua za kwanza zilipopiga, mlango wa hicho chumba ulianza kukwama.

"Hii mlango imekataa kufunga," akaniambia.

Nikachukua randa nikaukwangua. Ukafunga. Baada ya muda ukakataa tena, nikaukwangua tena. Halafu ufa ukatokea kwenye kona ya dirisha, ukapanda kuelekea juu kama mtu ameuchora kwa kalamu. Nikauziba kwa simiti nikapaka rangi. Ukarudi palepale, mpana zaidi.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Hiki ndicho kitu sijawahi kumwambia mtu. Nilijua kabisa ule upande wa chini unaenda. Lakini kusema unaenda ilikuwa ni kusema na yale mengine.

Syombua alisimama mbele ya ule ufa siku moja, akaweka kidole ndani. Kidole kikaingia. Akaniambia, taratibu tu, "Si umpigie yule kontrakta aje aangalie? Hii ni kazi yake. Hatakataa."

Nikatoka nje, nikasimama karibu na tangi la maji ambapo ananiona kwa dirisha. Nikaweka simu kwenye sikio na kuongea peke yangu. "Ndio, injinia. Ni kona ya dirisha. Aha. Aha. Kumbe." Hata nilinyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza. Halafu nikarudi ndani.

"Amesema ni kawaida. Nyumba mpya lazima itulie."

"Kwa hivyo niendelee kukaa huku?"

"Kaa, hakuna shida."

Akakaa.

Ilikuwa asubuhi, mimi nimeenda na lori. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake, na ukungu umefunika milima yote. Nilipigiwa simu na jirani. Alisema, "Rudi nyumbani, ukuta umemwangukia mke wako."

Msingi wa upande wa chini ulikuwa umezama, ukuta wa pembeni ukapasuka, na yale mawe niliyoyainua juu kwa sababu ya wapita njia yakaingia ndani kupitia dari. Yeye alikuwa kwenye cherehani. Majirani walimtoa. Waliniambia alikuwa bado ameshika kitambaa cha kwaya kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa chini ya mawe.

Hospitali walijaribu. Halafu daktari akaniita pembeni akaniambia mkono hauwezi kuokolewa. Nikatia sahihi. Mke wangu, fundi wa kushona, nikatia sahihi akatwe mkono wa kulia.

Ningesema ukweli hapo, labda bado ningekuwa mtu. Lakini sikilizeni nilichofanya.

Baba yake alifika kutoka Nuu bado na vumbi kwenye viatu. Alimtazama binti yake amelala, akamshika miguu juu ya blanketi. Halafu akanigeukia. "Yule kontrakta ako wapi?"

Nikamwambia, "Baba, simu yake haipatikani."

"Ametoroka?"

Nikanyamaza. Akachukua kunyamaza kwangu kuwa ndiyo.

Kesho yake mzee alienda sokoni kumnunulia Syombua kanga. Kwenye mitumba akamwona Kioko. Hakuwa amemsahau. Nilipoitwa kufika, mzee alikuwa amemshika shati, na watu wamejaa. Wengine tayari walikuwa wanasema huyu ndiye anajengea watu nyumba za kuanguka. Mmoja alikuwa ameokota jiwe.

Kioko akaniona. Akapumua kama mtu aliyeona mlango ukifunguliwa. "Mwambie. Mwambie mzee mimi ni nani."

Macho ya watu wote yakanigeukia. Nilitazama nguo zilizomwagika chini, suruali za watoto, sweta, kila mtu akizikanyaga. Sikufungua mdomo.

Maafisa wa polisi walifika wakamchukua, na walimwokoa, kwa sababu wale watu wangemuua. Alipita karibu nami. Nami nikarudi hospitali nikakaa kwenye benchi, nikijiambia nitaenda polisi kesho. Kesho ikafika, nikajiambia kesho.

Si mimi niliyefika kwanza. Mke wa Kioko alikwenda hospitalini nikiwa nimetoka kutafuta chai. Alikaa na Syombua, akamwambia yote, kwamba mume wake hajawahi kujenga hata choo, kwamba alivaa helmeti kwa sababu rafiki yake alimwomba.

Niliporudi, Syombua alikuwa amekaa, mgongo kwenye mto, bandeji juu ya shuka. Baba yake alikuwa dirishani, ametugeuzia mgongo. Niliweka chai chini.

Akaniuliza, "Ile siku nilikuambia umpigie kontrakta, ulitoka nje na simu. Ulikuwa unaongea na nani?"

Ningeweza kustahimili atukane, apige kelele. Aliuliza tu, kama anauliza njia.

Nikamwambia, "Sikuwa naongea na mtu."

Akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyepata jibu la kitu kilichomsumbua. Halafu akageuza uso kwa ukuta. Sijawahi kuuona uso huo tena vile ulivyokuwa.

Nilienda kituoni nikaandikisha maneno yangu. Kioko akaachiliwa. Nilimngoja nje ili nimwombe msamaha. Alinipita, akasimama hatua chache mbele, akasema bila kugeuka, "Ulinitazama." Akaenda. Hajaongea nami mpaka leo, na kibanda chake amekihamisha upande wa pili wa soko.

Syombua alipotoka hospitali, baba yake alikuja na gari ya kukodi. Nilianza kuongea mambo ya mafahali, kwamba nitalipa, kwamba nitauza lori. Mzee akaninyamazisha kwa mkono.

"Sikuja kudai ng'ombe. Nimekuja kuchukua mtoto wangu."

Hakunilaani. Alifunga mlango wa gari polepole kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Nimeenda Nuu mara kadhaa. Mzee hunipa kiti, hunipa chai. Syombua hunisalimia kwa mkono wa kushoto. Anafundisha wasichana wa huko kukata na kushona, yeye akielekeza kwa mdomo, na wakikosea anaanza kuinua mkono wa kulia kuwaonyesha, halafu anakumbuka. Hiyo nimeiona kwa macho yangu. Nilimwomba arudi. Alisema, "Si mkono tu. Ningekuwa na yote miwili, bado singejua wakati unaongea na mtu na wakati unaongea na hewa."

Nyumba bado iko. Nusu imesimama, nusu ni mawe. Mabati mekundu yamening'inia, na mtu akipita barabarani anayaona vizuri sana, kama nilivyotaka.

Sasa wewe unayesoma, labda una ploti, labda umehesabu ukaona kontrakta ni wa nini. Sina haki ya kukuambia usijijengee. Kuna watu wamejijengea na wamelala salama, kwa sababu waliuliza, na walipoambiwa hapana walisimama. Kama hujui, sema hujui. Sema mapema, mchana, mbele ya mke wako na wazazi wake, ingawa watakucheka. Aibu ya siku hiyo utaila pamoja na chakula cha jioni, na kesho utaamka.

Na kama tayari umeshajenga, na kuna ufa unaupaka rangi kila mwezi, weka chini hiyo brashi. Waamshe walio ndani. Watoe nje leo, halafu uwaambie kwa nini.