Fundi Chuma na Masasisho

Mimi nashona nguo, sitengenezi simu, kwa hiyo mtu asinipe mtihani wa maneno ya kitaalamu. Lakini miaka tisa nimekaa chumba kimoja cha kazi na fundi simu, tumetenganishwa na kabati la vioo tu, na niliyoyasikia mle yangetosha kunipa cheti.

Tulimwita Chuma, na alijitakia mwenyewe. Mteja akija kujisifia simu mpya, yeye huipima kwanza mkononi kama anayenunua viazi, halafu anauliza, "Ndani ina nini?" Alitaka kusikia prosesa, kumbukumbu, betri. Ukimwambia programu zake ni nzuri, anacheka. "Programu ni rangi ya ukuta. Mimi nauliza matofali." Simu yake aliiunda kwa mikono yake: betri kubwa kutoka hii, kamera kutoka ile, kioo alichokingoja miezi miwili. Ilikuwa ya zamani sana, lakini ukigusa tu, imeshafunguka. Yangu ya bei ya kutupa aliiita Konokono. "Dada, Konokono ameamka?" ananiuliza kila asubuhi. Namjibu kwamba Konokono ana adabu, anafikiri kabla ya kutenda.

Wateja wote aliwapa sheria moja: simu ikikuomba sasisho, kataa. Eti makampuni yanatuma masasisho mazito makusudi, simu yako ichoke ukanunue nyingine. Kwake alishazima yote. Tangazo likijitokeza juu ya kioo, analifuta kwa kidole gumba bila kulisoma.

Mkewe alifariki kabla mimi sijahamia pale. Mtoto wao mmoja tu, binti, ni muuguzi nchi ya mbali, na kila Ijumaa saa kumi alasiri alimpigia baba yake kwa video. Saa tisa na nusu Chuma ananawa mikono kwa sabuni, anabadilisha shati, anaisimamisha simu kwenye kopo la bisibisi. Nami nasimamisha cherehani wasikilizane. Siku zilizobaki aliongea na wateja na mimi, basi. Nyumbani alikuwa na redio.

Ijumaa moja binti akamwambia amepata nyumba ya vyumba viwili. "Baba, njoo tukae wote. Usinijibu sasa hivi, fikiria kwanza. Ijumaa nitakupigia uniambie."

Chuma akakohoa, akasema sawa, atafikiria. Alipokata simu akaniuliza kama huko kwenye baridi mtu huvaa sweta mbili au tatu. Jumatatu akaanza kukataa kazi za kuchukua wiki nzima. Nikamwambia, "Wewe umeshahama." Akacheka peke yake mpaka akavua miwani.

Ijumaa ikafika. Shati safi, mikono misafi. Saa kumi. Saa kumi na moja. Simu kimya. Akasema labda kazi zimembana.

Ijumaa ya pili vilevile. Jamani, nilishindwa kuvumilia. "Mpigie wewe!"

"Nikimpigia ataona namdai chumba."

"Ni mwanao huyo."

"Ndiyo maana. Labda amefikiria upya. Nani anataka mzee anayekohoa ndani ya nyumba yake?"

Nikamwambia ana kichwa kigumu kuliko hizo betri zake. Jumatatu akaifungua ile simu yote, skrubu moja moja, akaitandaza kwenye kitambaa. Akasafisha, akapima betri, akapima antena, spika, kila kitu. Asubuhi nzima. Alipoifunga akaiweka mezani taratibu.

"Mashine nzima," akaniambia. "Haina kosa hata moja. Basi ni mtoto."

Sauti aliyosemea sitaki hata kuikumbuka. Wiki hiyohiyo namba fulani ndefu, isiyoeleweka, ikampigia mara mbili. Zote akakata. "Matapeli," akasema. Ijumaa ya tatu hakubadilisha shati. Akaanza tena kupokea zile kazi za wiki nzima.

Wiki ya nne, siku ya Alhamisi, Konokono akalia. Alikuwa yule binti. Namba yangu anayo tangu nilipomshonea sare zake za kwanza.

"Shangazi, baba mzima?"

"Mzima, yuko hapa. Mbona umemtupa?"

"Mimi? Nimempigia wiki zote, simu haiiti. Ujumbe haufiki. Nikapiga kwa laini ya kawaida ya hospitali, akanikatia. Mara mbili, shangazi."

Nikazunguka kabati, nikamnyang'anya Chuma simu yake mkononi. Nikafungua ile programu wanayopigiana. Mazungumzo ya zamani yote yapo, na juu yake lile tangazo lake la kufuta. Sikulifuta, nililisoma kwa sauti: toleo hili limepitwa na wakati, hutapokea simu wala ujumbe mpaka usasishe.

Chuma akanitazama kama nimemsomea hukumu. "Lakini mashine nimeipima," akasema. "Nimeipima yote."

Nilikuwa na maneno makali ya kumpa, nayajua mwenyewe. Nikayaacha. Nikawasha video, nikamshikisha Konokono.

Picha ilichelewa, ikaganda, ikaja. Binti alikuwa na sare yake ya kazi, macho mekundu.

"Baba, nilingoja jibu lako. Mwenye nyumba alinipa wiki tatu tu. Ulipoanza kunikatia nikajua hutaki, unaona vibaya kuniambia. Nimechukua ya chumba kimoja. Nimeshasaini miaka miwili." Akafuta pua kwa kiganja. "Niambie ukweli. Ulikuwa unataka kuja?"

Niliweka mkono begani kwa Chuma. Nilidhani atasema. Hata mimi nilikuwa nataka kusema kwa niaba yake, nimeshafungua mdomo.

"Aah, mama," akasema, kwa sauti nyepesi ya kumtania mteja. "Mimi nije kufanya nini huko? Kazi zote hizi nimwachie nani? Nilikuwa natafuta tu namna ya kukwambia. Umefanya vizuri."

Binti akashusha pumzi, akaanza kucheka na machozi yakimtoka. "Afadhali, baba. Afadhali. Mwezi mzima silali nikidhani nimekukosea."

"Hujanikosea kitu."

Mimi ambaye sijawahi kunyamazia jambo maishani, nilinyamaza. Bega lake lilikuwa linatetemeka chini ya mkono wangu, na mtoto kwenye kioo hakuliona, anacheka, anamwambia jinsi kile chumba kimoja kinavyomtosha.