Masanja alikwenda Ulaya kusoma falsafa na Kifaransa, swali likanirudia mimi kwenye kisima cha Mayu Kabula

Wakuu, kwa umri wangu karibu nyote humu mngetakiwa kuniamkia kwanza. Haya, marahaba.

Nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo sina nguvu ya kuongeza uongo. Haya yalitokea miaka ya hamsini, huku kwetu upande wa Mhunze.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipomaliza sekondari, wenzangu walikimbilia dhahabu Geita. Na mimi nilikwenda. Nilikaa siku tatu, nikakikumbuka kitanda changu, nikarudi.

Masanja, tuliyekaa dawati moja, alikuwa kinyume changu. Alipata nafasi chuo kikuu Ulaya, kusoma falsafa pamoja na Kifaransa.

Kifaransa watu walikielewa, ni lugha. Falsafa je? Baba yake, Mzee Ng'wandu, akiulizwa kilabuni mwanawe anasomea nini, alijibu, "Kifaransa na..." halafu anakohoa. Watu wanacheka.

Mwaka wa pili ikaja barua. Masanja ameshafeli insha mbili. Akifeli ya tatu anarudishwa nyumbani.

Swali lenyewe: je, mtu anaweza kuingia kwenye mto uleule mara mbili? Ajibu kwa Kifaransa, na profesa hataki maneno ya vitabuni.

"Kichwa changu kimeganda kwa baridi," aliandika. "Nenda mtoni ukawaulize watu, uniandikie watakachosema."

Nenda mtoni! Nusu saa nzima kwa miguu!

Nikakaa barazani nikatunga mwenyewe. Maji hupita, kwa hiyo mto hubadilika, na kadhalika. Nikabandika majina ya wazee watatu ambao hawajawahi kuzaliwa, nikatuma posta, nikalala vizuri kabisa.

Barua ya pili ilikuwa fupi. Profesa alipoonyeshwa rasimu alisema haya ameshayasoma kwa wengine.

"Wewe hujaenda mtoni," Masanja akaandika. "Nakujua. Nikirudishwa, baba yangu watamcheka mpaka kaburini."

Hapo aibu ikanitoa nje, juani, Septemba ile.

Kwa msioujua mto wetu: kiangazi ni mchanga mtupu. Wanawake huchimba visima mle mchangani, kila mama na chake, amekizungushia miiba ng'ombe wasiingie. Mvua zikija, mafuriko yanafuta vyote. Kiangazi kinachofuata kila mmoja anarudi palepale, anachimba upya.

Nikamkuta Mayu Kabula, yaani Mama Kabula kwa Kisukuma, jirani yetu. Yumo ndani ya shimo linalomfika kiunoni, amesimama kwenye mchanga mkavu, anateka maji kwa kata.

"Shikamoo Mayu."

"Marahaba. Kuna msiba gani leo, mpaka wewe umetoka nyumbani?"

Nikamsomea swali. Wanawake wa visima vya jirani wakainua vichwa.

"Kuingia mtoni mara mbili? Mwanangu, tangu asubuhi nimeingia mara nne, na miguu haijalowa."

Wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Kumbe Masanja kavuka bahari kwenda kuulizwa hayo? Si angebaki, tukamuuliza bure!"

Nikang'ang'ana. "Sawa Mayu. Hiki kisima ni kile cha mwaka jana?"

"Ndicho."

"Na mchanga?"

"Umeletwa na mafuriko."

"Maji?"

"Ya leo."

"Shimo?"

"Nimelichimba juzi."

"Sasa cha mwaka jana hapo ni kipi?"

Akaacha kuteka. Nikajisemea, leo nimempata.

"Hebu chota humu bila kuniomba," akasema taratibu, "uone kama utaulizwa na mtu mmoja au na mto mzima. Nikikuta miiba imesogezwa, hawa wote watasema kisima cha Mama Kabula kimeguswa. Hakuna atakayesema shimo."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Niliandika vilevile alivyosema, sikugusa neno. Masanja akayageuza kwa Kifaransa, akaongeza yake, akafaulu.

Mzee Ng'wandu akaacha kukohoa. Akiulizwa mwanawe anasomea nini, anajibu kwa sauti, "Kisima cha Mama Kabula!"

Ila pembeni ya insha profesa alikuwa ameandika swali dogo, Masanja akanitumia: na huyo mama akifa?

Wakuu, safari hiyo sikutumwa na mtu. Nilivaa viatu mwenyewe. Mvua zilikuwa zimeshaanza, mto umejaa mpaka kingo, nikamkuta amesimama anayatazama maji.

Nikamuuliza. Hakukasirika. Aliangalia mahali ambapo mimi niliona tope tu linapita.

"Kabula atachimba pale," akasema.

Na kweli Kabula, binti yake, alichimba, miaka mingi. Sasa wote wawili hawapo, Masanja naye hayupo. Maji ya bomba kutoka ziwani yamefika, mtoni hachimbi mtu.

Nilichojifunza mimi ni kwamba swali la kweli linamtoa kitandani hata mvivu. Nilikuwa nadhani falsafa iko Ulaya, kumbe ilikuwa nusu saa kutoka kwangu, na mimi nimelala.

Kuna jambo moja sijalimaliza. Mpaka leo nikivuka ule mchanga wakati wa kiangazi, nikifika pale nazunguka. Hapana miiba, hapana shimo, lakini mguu unakataa kukanyaga.

Sasa niambieni wakuu, kisima kipo au hakipo?

Nawasoma. Ila ukitunga jibu barazani kwako nitakujua, nilishafanya mchezo huo.