Mlinzi wa Kadi ya Mgombea

Mama anayelinda chumba cha mwisho pale makumbusho ana mikono mipana na sauti ya kubembelezea mtoto. Kila asubuhi hufuta kioo kinachofunika kadi ya posta ya kampeni, yenye picha ya mgombea urais aliyeshindwa zamani, na humwamkia, "Shikamoo, mheshimiwa." Asipomwamkia, anasema, siku haimwendei vizuri. Mgeni akiegemea kioo, humgusa kiwiko kwa kidole kimoja: "Taratibu, mwenzangu, huyu ni mali ya taifa."

Juzi nilikuwepo alipoingia mzee mwenye mkongojo, akaitazama ile kadi, kisha akaomba apewe. Alieleza kwamba anagombea tena, na hiyo ndiyo picha pekee aliyotoka vizuri.

"Haitoki," mama akasema.

"Lakini huyu ni mimi."

Mama akamtazama mzee, akaitazama kadi, akamrudia mzee. "Shikamoo."

"Marahaba."

Mama akashtuka kidogo, maana hakuzoea kujibiwa. "Nimekutambua, baba. Ila huyu ameandikishwa kwenye daftari la makumbusho, wewe umejitokeza tu."

Mzee akanywea. Mama akamwonea huruma, akamvutia kiti chake mwenyewe, ambacho hata mkurugenzi hathubutu kukikalia, akamweka kando ya kadi. Wageni walipoingia, mzee akainuka akawahutubia juu ya maji na barabara. Wakamsikiliza kwa adabu. Mmoja akamuuliza mama kwa sauti ya chini kama sanamu hii huzungumza kila siku.

"Mpaka uchaguzi," mama akajibu, akamwashiria mzee apaze sauti.