Nguzo ya Chumba cha Mwisho

Mdogo wangu aliinunua ile nyumba kwa ajili ya mama, akafa kabla haijatolewa magurudumu. Ilikuwa nyumba kuukuu ya kuvutwa na lori, ndefu na nyembamba kama behewa. Mama alikuja kutoka Tanga akakaa nasi huku ughaibuni, ghorofani Rexdale, na ghorofani hakupaweza. Alisimama dirishani akitazama mabasi ya barabara ya Kipling yakipita chini, akiuliza watu wa huku wanakanyaga udongo saa ngapi. Mdogo wangu akamwahidi mlango wa kufungukia chini. Alipiga zamu za ghala karibu na uwanja wa ndege mpaka akaipata nyumba, na kiwanja cha kukodi kaskazini ya jiji, ukishapita kitongoji cha Thornhill na mashamba kuanza. Lori liliifikisha wiki ileile moyo wake uliposimama.

Baada ya hitma nikaenda kumaliza kazi yake. Sikulia. Mimi nikiumia hununa, na nikinuna hutafuta kazi ya mikono.

Nyumba kama ile haina msingi. Husimama juu ya nguzo fupi za matofali ya saruji, na kila nguzo hukaa juu ya kitanda cha kokoto. Ujanja wote uko kwenye hicho kitanda. Unashindilia mpaka mikono ife ganzi, kwa sababu udongo wa huku ukiganda wakati wa baridi huumuka, na ukiumuka upande mmoja unainyanyua nyumba upande mmoja. Mama alikuja kutazama, na kifurushi chake kwapani. Kwao nyumba haiingiwi kabla ya kuzindikwa, kwa kinga inayozikwa msingini.

"Mama, hii haina msingi," nikamwambia. "Utazika wapi?"

Aliinama akachungulia chini ya sakafu. Nilikwenda dukani kufuata kabari za kubana kati ya matofali na fremu ya chuma ya nyumba, nikamwacha amekaa kwenye kiti cha plastiki. Niliporudi nilimkuta palepale, ananawa mikono kwa maji ya chupa. Nikapanga matofali, nikateremsha jeki, nikaweka pimamaji sakafuni. Kiputo chake kilitulia katikati, nikajiona fundi.

Tulihamia mimi na yeye tu. Chumba cha mwisho alikuwa amekichagua mdogo wangu mwenyewe, kwa hiyo mama akatandika kitanda na kutundika koti la marehemu humo. Mimi sikuingia.

Baridi ilipokaza, mlango wa chumba kile ukaanza kufunguka wenyewe. Ilikuwa jioni, tunakula. Kitasa kililia, mlango ukaja polepole hadi ukutani, na nywele zikanisimama. Mama alimeza tonge lake, akageuza uso kule, akasema, "Marahaba."

Ikawa hivyo karibu kila jioni. "Marahaba, baba. Umechoka?" Kisha anarudi kwenye sahani yake, uso umekunjuka.

"Mama, ni mlango tu," nilimwambia siku moja, kwa ukali kuliko nilivyotaka.

"Najua ni mlango. Na siku akiacha kuja, unirudishe Tanga. Sitakuwa na cha kunikalisha huku."

Niliogopa. Niliuogopa ule mlango, na niliogopa zaidi kubaki peke yangu nao. Nyumba nzima ilikuwa inaguna, chuma kikilalamika na mbao zikiitikia. Basi kila nikitoka kazini nilichukua tochi, nikatambaa kwa tumbo chini ya sakafu, nikagonga kabari moja baada ya nyingine. Nilijiambia nalinda nyumba. Kule chini angalau kila sauti nilijua inatoka wapi.

Theluji ilipoyeyuka, ufa ukatokea darini. Nguzo ya kona, chini ya chumba cha mwisho, ilikuwa imeinama vibaya. Nikaiinua kona kwa jeki, nikatoa matofali, na nikakuta kokoto zimetandazwa juujuu tu. Chini yake udongo ulikuwa laini, umewahi kuchimbwa. Nikafukua kwa vidole. Nilitoa vipande vya ubani, na ndani ya mfuko wa nailoni, kofia ya mdogo wangu, ile ya Ijumaa.

Mama alikuwa amezindika. Shimo lake lilikusanya maji, maji yakaganda, yakainyanyua kona, na kitasa kikawa hakishiki. Nilielewa yote nikiwa nimelala kifudifudi kwenye matope, na nilihisi nimefiwa upya. Ndipo nilipojua kwamba miezi yote ile nilikuwa nakisubiri kile kitasa kama mama.

Lakini kuiacha nguzo ile kungemwangushia mama nyumba. Nikashindilia upya, nikapanga, nikapima. Kofia nikaitia mfukoni mwa koti langu.

Jioni ile kitasa hakikulia. Mama alikaa ameuelekea mlango mpaka wali ukapoa. Kesho yake vilevile. Siku iliyofuata nilimkuta anakunja kanga zake sandukuni.

Nikamwekea kofia mapajani. "Mama, ulikuwa udongo. Ulichimba chini ya nguzo."

Aliinusa. Hakushtuka hata kidogo.

"Najua nilichozika na nilipokizika," akasema. "Unadhani sijui kwamba maiti harudi? Nilisikia mlango, nikapata wa kumwitikia. Wewe tangu tumzike hujaniamkia hata siku moja. Ukirudi kazini unapitiliza chini ya nyumba, nasikia unagonga chini ya miguu yangu. Mtoto mmoja nimemzika mimi. Wewe umejizika mwenyewe."

Nilitoka nje, nikafunga mlango wa mbele nyuma yangu, nikasimama kwenye kidato cha ngazi. Nililia pale, kwa mara ya kwanza, na jirani aliyekuwa akitoa taka akageuka upande mwingine. Kisha nikafuta uso, nikavua viatu vya matope, nikaingia.

"Shikamoo, mama."

Alitazama kwanza mlango wa chumba cha mwisho. Nami niliutazama. Tulisikiliza wote wawili, na nyumba ilikuwa imenyooka, imetulia, haina sauti.

"Marahaba, baba," akasema, akanigeukia mimi. "Umechoka?"