Gari Lililomshinda Daktari

Mume wangu ni fundi magari, na kasoro yake ni moja tu, maana zile nyingine nimeshazizoea: hawezi kukaa na sifa yake kimya. Akitengeneza gari, mtaa mzima lazima ujue, na mtaa wa pili nao uonjeshwe. Watu wanamwita Daktari. Jina hilo alianza kujiita mwenyewe, akalirudia kila siku kwa uso mkavu, mpaka wengine wakachoka kubishana naye. "Gari la kunishinda mimi bado halijaundwa." Ukimuuliza habari za asubuhi, anakujibu hivyo.

Karakana yake ni uani kwetu. Ukifungua mlango wa jikoni unapokewa na nyuma ya gari la mtu, na miguu ya mume wangu ikichungulia chini yake. Kamba yangu ya kuanikia nguo imefungwa upande mmoja kwenye nguzo na upande wa pili kwenye mnyororo wa kunyanyulia injini, kwa hiyo injini ikipanda, shuka zangu nazo zinapanda. Nimelalamika mpaka basi. Yeye anasema ndoa ni kuvumiliana, kisha anarudi chini ya gari ili mimi nianze kuvumilia.

Halafu anatibu kwa sauti. Mafundi wenzake wakitafuta ubovu wanainama, wanatafuta. Huyu wangu anahubiri. "Mnaona jamani, starta inazungusha, kwa hiyo betri haina kesi, mwacheni aende zake." Majirani wanakuja na viti vyao na kukaa kivulini kwenye ukuta wetu: kinyozi, mwenye duka, na bibi wa nyumba ya tatu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli lakini siku hizi anakueleza kazi ya redieta bila kuulizwa. Mume wangu anasema wanakuja kujifunza. Mimi nasema wanakuja kwa sababu hakuna kiingilio.

Sasa, kuna Mama Mayai. Anakaa ng'ambo ya pili ya mji, mimi namjua kwa kununua mayai kwake sokoni. Ni mjane. Mumewe alimwachia gari dogo jeupe la milango minne, lile la kupelekea familia matembezi. Watoto wamekua, wametawanyika, na kiti cha nyuma sasa yanakaa mayai, trei juu ya trei, yamefungwa mkanda vizuri kuliko tulivyowahi kuwafunga watoto wetu. Kila alfajiri anazungusha mayai madukani na hotelini. Gari hilo likiondoka, biashara imeondoka, na chakula cha nyumba ile kimeondoka nayo.

Na aliyetaka liondoke ni mdogo wa marehemu. Huyu anaishi mji mwingine, mtu wa heshima zake, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kulisogelea, na kila jambo baya analianza kwa kusema "kwa nia njema". Baada ya mazishi, kwa nia njema, aliitisha kikao cha ukoo akasema gari la kaka yake lisije likapotelea mikononi mwa mwanamke. Wazee walikuwa na njaa. Wakaamua haraka haraka: gari likiwa zima, ni la mdogo mtu, likiwa bovu, mjane aachiwe afugie kuku. Wakacheka, kikao kikaisha, wakanawa mikono.

Tangu siku hiyo gari likaingiwa na tabia ya ajabu. Shemeji mtu akiwa kwake, linawaka. Akishuka tu kwenye basi kuja kulichukua, linakufa. Alikuja mara ya kwanza, halikuwaka. Akaja na dereva, dereva akazungusha ufunguo mpaka betri ikalala. Kila akiondoka anamwachia mjane pole zake, mjane anazipokea macho chini, na kesho yake mayai yanafika madukani kama kawaida.

Safari ya mwisho alikuja amejipanga. Akakodi pikapu na kamba ya kuvutia, akauliza mjini fundi gani hajawahi kushindwa na gari. Wote wakamtaja mume wangu, maana mume wangu alikuwa ameshawaambia wote.

Nilikuwa nachambua mchele nilipoona gari la Mama Mayai linaingia uani likivutwa. Nilishtuka, kwa sababu siku mbili nyuma nilikuwa nimemwona analiegesha sokoni mwenyewe, kwa madaha. Yeye alikuwa ameshika usukani, amekauka. Akashuka, hakusalimia wanaume, akaja moja kwa moja jikoni kwangu na kukaa kwenye kigoda.

"Dada," akaniambia, "mumeo anajua kazi kweli, au ni maneno tu?"

Miaka yote nimeomba mtu aniulize swali hilo ili nijibu ninavyotaka. Siku hiyo nikajibu ukweli. Nikamwambia anajua, tena sana, hilo ndilo linalonichosha.

Akashika kichwa. Ndipo akanieleza. Marehemu mumewe aliogopa wezi kupita kiasi, akaweka swichi ndogo ya siri chini ya kiti cha dereva. Ukiizima, umeme hauendi kwenye pampu ya petroli. Gari litazunguka, litakoroma, litakupa matumaini yote, lakini kuwaka haliwaki. Swichi ile iliwekwa kwa ajili ya watu wanaochukua magari ya wengine, na hadi siku hiyo ilikuwa haijamwangusha mtu. "Akiipata, mimi nimekwisha," akasema.

Utaniuliza kwa nini sikwenda kumnong'oneza mume wangu. Kwa sababu hana kifua! Mume wangu ukimwambia siri asubuhi, mchana kinyozi anakukumbusha zile sehemu ulizosahau. Angekubali kusaidia, ndiyo, halafu angewakonyeza watazamaji ili wajue jinsi anavyosaidia. Kwa haki ya Mungu, na yeye husema hivyo hivyo juu yangu. Basi nikafunga mdomo na kusimama mlangoni na ungo wangu, roho mkononi.

Akaanza. Akazungusha ufunguo, starta ikaitika. Akafungua plagi zote nne, akaziangalia mojamoja juani, akazijaribu, zinatoa moto. "Moto upo," akawatangazia. "Kwa hiyo kinachokosekana ni chakula." Akawanyamazisha watu wote, akawasha swichi ya ufunguo, akatega sikio kwenye kiti cha nyuma ambako pampu hutakiwa kunguruma. Kimya. Bibi wa nyumba ya tatu akasema ni pampu. Mume wangu akamtazama kwa huruma, akasema mama, hapo ndipo mafundi wa vichochoroni wanapokula hela za watu, wananunua pampu mpya na gari bado haliwaki. Akatoa taa yake ya kupimia umeme. Kwenye fyuzi, taa ikawaka. Kwenye pampu, haikuwaka.

"Umeme unaondoka hapa, kule haufiki," akasema, na sasa alikuwa anatabasamu. "Unapotelea njiani. Na njia ni moja tu."

Nikamwita aje ale. Akasema daktari hali akiwa na mgonjwa mezani. Nikamwambia bomba la bafuni linavuja, akasema liache livuje. Nikaangusha sufuria kwa makusudi, sufuria yangu nzuri, hata hakugeuka. Alikuwa ameshavua zulia la gari na anafuata waya kwa kidole, kutoka nyuma kwenda mbele, huku anahubiri. Mama Mayai alikuwa ameshika upindo wa kanga yangu bila kujijua. Shemeji mtu amesimama pembeni, ameshatoa kitambaa kufuta vumbi kwenye boneti, kwa nia njema.

Mkono wa mume wangu ukaingia chini ya kiti cha dereva. Kisha akanyamaza.

Nimeolewa na mtu huyu zaidi ya miaka ishirini. Nimemsikia akiongea usingizini, akiongea na mswaki mdomoni, akiongea kwenye mazishi. Kimya chake sikuwa nakijua. Alibaki amepiga magoti, shavu limegusa kiti, mkono umeingia mpaka kwenye bega. Akainua macho, akatazama mlango wa jikoni. Hakunitazama mimi. Alimtazama Mama Mayai, kwa muda.

"Bosi," akamwita shemeji mtu, polepole. "Hili likiwaka, linakwenda wapi?"

"Kwangu," yule akajibu. "Ukoo ulishaamua. Likiwa zima ni langu."

"Na huyu mama?"

"Mabasi yapo. Atapanda basi na trei zake, kwani wenzake hawapandi?"

Mume wangu akatoa mkono. Akachukua kitambaa chake na kufuta kidole kimoja baada ya kingine, mpaka nikadhani anataka kuvikausha. Akafunga zulia. Akasimama mbele ya kinyozi, mwenye duka na yule bibi.

"Limenishinda," akasema.

Hakuna aliyeelewa. Shemeji mtu akasema si ulisema ni waya? Mume wangu akasema alidhani waya, kumbe kompyuta ya gari imeungua, na ikishaungua hiyo, kilichobaki ni bati na viti. Yule akasema basi atauza injini. Hapo nikamwona mume wangu anameza mate, kwa sababu asubuhi nzima alikuwa ameisifia injini ile jinsi ilivyotunzwa. Akasema injini imekula oili, imechoka, mnunuzi atataka alipwe yeye ili aichukue. Ameitukana injini nzima, yeye, ambaye tairi likipasuka analipa pole.

Shemeji mtu akawapigia simu wazee hapo hapo, kwa hasira. Gari bovu, akasema, aachiwe mwanamke na kuku wake. Kisha akamgeukia mume wangu na kumwambia mbele za watu kwamba amesafiri mbali kuja kwa daktari, kumbe ameletwa kwa muuza maneno. Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Bibi wa nyumba ya tatu ndiye aliyeanza kucheka, na kinyozi akapokea, na kabla pikapu haijamaliza kulivuta gari kutoka uani, jina jipya lilikuwa limeshapatikana. Mochwari.

Ewe Mola, miezi ile! Mochwari, umepokea wangapi leo? Mochwari, baiskeli yangu inakohoa, niilete au niichimbie kabisa? Mwalimu ambaye gari lake limetengenezwa kwetu tangu likiwa na rangi yake ya kwanza alilipeleka kwa fundi mwingine, akapita nalo mbele ya mlango wetu taratibu ili tulione. Wenye viti wakapungua, maana mume wangu sasa alifanya kazi kimya, na kimya hakina watazamaji.

Na mimi nilicheka pamoja nao. Ningefanyaje? Mtaa mzima unacheka, mke peke yake amenuna, si wangeuliza kuna nini? Kwa hiyo nilicheka, na nilikuwa wa mbele. Usiku wa kuamkia Jumapili moja nilimwita Mochwari mezani, mbele ya dada yangu, akaendelea kula. Iliniuma. Nilitaka kumwambia najua, baba, najua ulichofanya. Lakini nikiwaza jinsi ambavyo angefurahi, na furaha yake jinsi isivyokaa ndani ya nyumba, nikaacha. Yeye naye hakuniambia kitu. Mtu anayenisimulia kila nati aliyofungua, hili alilala nalo kitanda kimoja na mimi na hakulitoa. Hata mimi haniambii! Nilikasirika pia, nisiseme uongo. Kumbe kweli ananiona sina kifua.

Nyuma ya nyumba yetu inapita barabara kubwa, na alfajiri magari yanaanza kupita kabla hakujapambazuka. Magari madogo meupe yako mengi, hakuna anayeyahesabu. Alfajiri moja tumelala, likapita moja, likakata mlio kidogo, likaendelea.

"Ile plagi ya tatu," mume wangu akasema, macho yamefumbwa. "Niliiona imechoka."

"Ya gari gani?" nikamuuliza.

Akavuta shuka.

"Naota," akasema, akageukia ukutani.

Asubuhi nilikuta plagi mpya mezani, ndani ya boksi lake, kando ya sukari. Hakusema ni ya nani, na sikuuliza. Niliitia kapuni, nikachukua na spana yake ukutani, nikamwambia nakwenda sokoni kununua mayai. Kuolewa na fundi miaka yote hiyo si bure: nilifungua boneti nyuma ya vibanda, Mama Mayai amesimama akinikinga na trei zake, nikatoa ile ya tatu, nikafunga mpya. Injini ilivyoitika, Mama Mayai alinishika mkono wenye mafuta na hakuuachia haraka.

Niliporudi, mume wangu alikuwa chini ya gari la mtu. Nikaitundika spana mahali pake. Akajitoa, akaiona, akaona na kucha zangu. Kinyozi alikuwa anapita nje, akachungulia getini kama kawaida yake.

"Mochwari! Hakuna aliyefufuka leo?"

Mume wangu hakumtazama kinyozi. Alinitazama mimi. Nikacheka, tena kwa sauti ya kufika mpaka nyumba ya tatu, na yeye akatabasamu, akarudi chini ya gari.