Mpaka wa Kator Alionipa Mama

Kator, mtaa wa nyumbani kwetu, niliijua kwa mdomo kabla sijaikanyaga. Tulipokuwa wakimbizi Kenya, kila Jumapili baada ya misa mama alituketisha mkekani, sisi watoto wake, akatukaririsha njia ya nyumbani: toka kanisani, shuka, pita mashamba ya mihogo, ukifika kwenye khor, kile kijito cha msimu wa mvua, simama. Kator inaishia hapo. Aliyekosea alirudia mpaka chai ikapoa. Jamani, Jumapili zile!

Ndiyo maana, tuliporudi nyumbani nikapewa kazi katika ofisi moja hapa mjini, mtaa wa Buluk, kuchora mpaka wa Kator kwenye kompyuta na kuligawa eneo miraba midogo ili wahandisi wajue pa kuweka mabomba ya maji, sikujisumbua. Bosi wangu, mama mmoja Mganda, aliniambia niende kwa miguu nikaulize watu. Nikajifanya mjuaji. Kwetu, nikaulize wageni? Nikavuta mstari kando ya khor, nikabonyeza, na miraba yote ya ng'ambo ikatoweka. Mahali pasipo na mraba hapapati bomba.

Siku ya kupeleka faili kwa wahandisi, asubuhi, nilimchukua mama tukaitembelee ramani yangu. Nilitaka anisifu, huo ndio ukweli. Tulipofika kwenye khor tukaona ng'ambo nyumba zimejaa, bati kwa bati. Mwanamke mmoja alikuwa anarudi huko na jerikeni kichwani.

"Binti, huko mnakokaa kunaitwaje?" mama akamuuliza.

"Huku ni Kator, mama. Sisi iko hapa miaka mingi. Maji tu ndiyo hakuna."

Mama akanigeukia. "Hawa umewaandika?"

"Hapana. Ulisema inaishia hapa."

Akageuka, akaitazama njia tuliyoipitia. Hapakuwa na hata shina moja la mhogo.

"Mimi nilitoka hapa msichana, mwanangu. Khalas, basi, ufute huo mpaka wangu."

Nilifungua palepale kompyuta niliyoibeba mkobani, nikachora mpaka mpya hadi nyumba ya mwisho aliyotuonyesha yule mwanamke, na miraba ikaijaza ng'ambo. Kisha nikauchagua mstari wa mama. Kompyuta ikauliza kama nina hakika ya kuufuta. Machozi yalikuwa yananitoka, kidole kimegoma.

Mama akanyoosha mkono, akabonyeza mwenyewe.