Risasi Ndogo kwa Pofu

Usiniamini ukitaka. Wengi pale Usoke hawakuniamini, na sikuwabembeleza. Lakini nililoliona nililiona mchana, jua la utosi, sijalewa wala sina homa. Ukienda leo kwa shemeji yangu Nyamizi utamkuta hajanyoa nywele za msiba, mwaka wa kumi na nne huu. Atanyoaje mtu ambaye hakuletewa maiti?

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nimetoka vitani, niko kambi ya mbao. Wenzetu walipasua mninga. Mimi na mdogo wangu Maganga, mume wa Nyamizi, tuliwatafutia kitoweo. Bwana wa kambi, mzungu mmoja akiitwa Filipo, alikuwa na bunduki mbili. Moja nyepesi, risasi zake nyembamba kama kijiti cha mtama. Nyingine nzito, risasi zake nene kama kidole gumba, na ukiipiga bega linavimba siku mbili. Filipo ndiye wa kwanza ninayemlaumu. Alituapia kuwa ile ndogo inaua chochote, mradi ujue kulenga. Kweli inaua swala. Inaua ngiri. Lakini pofu? Pofu ni mnyama wa porini mkubwa kuliko fahali, ana kidari kinachoning'inia na bega nene kama ukuta.

Asubuhi ile tuliona nyayo za pofu jirani na kambi. Maganga akasema, "Kaka, leo tubebe ile nzito."

"Utaipiga wewe?"

"Nitaibeba, utapiga wewe. Au bega lako la bibi harusi bado linauma?"

Nikacheka, nikachukua ile ndogo. Bega lilikuwa bado linauma. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Tulimkuta kwenye njia ya zamani ya wapagazi, ile waliyopita na pembe za ndovu kwenda pwani. Nikampiga begani. Akashtuka tu kama aliyeumwa na mbung'o, akaondoka, magoti yake yakilia ka, ka, ka. Pofu ndivyo alivyo, akitembea magoti hugonga, mwindaji humsikia kabla hajamwona. Damu ilikuwa matone tu.

Sasa kwetu mnyama aliyejeruhiwa haachwi, na wa kumfuata ni yule aliyempiga, si mwingine. Nililijua hilo tangu utotoni. Bado nikamwambia Maganga, "Mfuate wewe, uwe unavunja matawi nione ulikopita. Mimi narudi kuchukua bunduki kubwa." Akaenda na mkuki na kibuyu cha maji.

Kambini, Filipo alikuwa amepanda treni kwenda Tabora. Funguo za sanduku la bunduki alikuwa nazo mnyapara, Idi Kasuku. Huyo ndiye wa pili.

"Bila ruhusa ya Bwana sifungui," akasema. "Bunduki ni bunduki. Rudi na hiyo hiyo."

Nikapiga magoti.

"Askari mzima unalilia ng'ombe wa porini," akasema, na wapasuaji wakacheka.

Ningerudi na ile ndogo. Nani alinizuia? Nilikaa nikimngoja Filipo siku mbili, na usiku wa pili mvua ya kwanza ikanyesha, ikafuta nyayo na damu. Mimi na wapasuaji tulifuata matawi hadi mtoni, hapo yakaisha. Siku ya nne Kasuku akawarudisha watu kazini.

Nikabaki kutafuta peke yangu. Mwezi ulikuwa umepita, niko kwenye njia ile ile ya wapagazi, nikasikia nyuma yangu ka, ka, ka. Nikageuka. Ni mzee mrefu, ngozi ya shingo imemlegea mpaka kifuani, begani ana mzigo wa nyasi.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Nitue," akasema.

Njia ile ina desturi yake tangu enzi za misafara: mwenye mzigo hutuliwa kwanza, maswali baadaye. Nikamtua. Chini ya mzigo, begani, palikuwa na tundu dogo kama punje ya mtama, limezibwa na tope kavu. Nililijua tundu lile. Hata wewe ungelijua, kama ni kazi ya mkono wako.

"Ungekuja na ile kubwa," akasema, wala hakuwa na hasira, "ningelala siku ile ile."

Nikamwuliza mdogo wangu yuko wapi.

"Yuko nyuma yangu. Nikisimama, anasimama. Mkuki anao lakini hanichomi. Anasema mwenye risasi anakuja na bunduki kubwa."

"Mwambie arudi nyumbani."

"Mwambie wewe." Akainama. "Nitwike."

Nikamtwika. Mungu anisamehe, nilimtwika, akaingia porini na magoti yake yakilia. Nikaita Maganga, Maganga, mpaka sauti ikakauka. Hakutokea mtu. Nilisikia tawi likivunjika, karibu kabisa, kisha jingine mbali kidogo.

Filipo alirudi kwao na bunduki zake zote mbili. Kasuku ana duka Gongoni, tukikutana ananiuliza hali kama mtu asiye na kosa. Na wa tatu ni mimi, mwenye bega la bibi harusi.

Wewe unayekwenda kuwinda, usichague bunduki kwa kuuliza bega lako. Mtazame mnyama. Na ukimjeruhi, mfuate mwenyewe, hata kama mkononi una fimbo tu. Usimpe mtu mwingine nyayo zako.

Kila mwaka, mvua zikikaribia, nayakuta kwenye njia ile: matawi yaliyovunjwa, mabichi, majani hayajanyauka, yote yameelekea upande mmoja. Naganda hapo, halafu narudi bila kuyafuata. Nyamizi hunikuta uani nikiosha miguu, akaniuliza, "Shemeji, umeona chochote?"

Namwambia sijaona.